Video za Nyumbani: Kutoka Kompyuta Hadi Televisheni ya Sebuleni

Mazungumzo na vikundi vya kina mama na vijana, Malindi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Huenda wengine wenu mnajiuliza: mtu wa maendeleo ya jamii ana kazi gani na waya za televisheni? Tumezoea kumsikia akisema juu ya vyoo, karo na vikundi vya akiba. Nitawajibu. Kazi yangu ni kutembelea nyumba, na siku hizi katika nyumba nyingi nakuta shida ya namna moja. Harusi ilipigwa video. Mazishi yalipigwa video. Babu alirekodiwa akieleza ukoo ulikotoka. Lakini ukiuliza, "Video iko wapi?" unajibiwa, "Iko kwenye kompyuta ya mpiga picha," au "Iko kwenye laptopu ya kijana, naye yuko Mombasa." Wenye video, yaani wazee, hawajaiona hata mara moja.

Mtasema, si kuna simu? Ndiyo, simu ipo. Lakini nyanya mwenye mtoto wa jicho ataona nini kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja? Na simu hutazamwa na mtu mmoja, mwingine akichungulia begani. Televisheni hutazamwa na nyumba nzima. Hapo ndipo mjukuu huuliza, "Huyu ni nani?" na nyanya akaanza kusimulia. Kwa hiyo leo tutajifunza jinsi ya kuitoa video kwenye kompyuta na kuionyesha kwenye televisheni, bila kutapeliwa na bila kuingia deni.

Neno la deni nimelisema makusudi. Mama mmoja wa upande wa Magarini, simtaji jina, alifiwa na mwanawe wa kiume. Picha pekee inayotembea ya huyo kijana ilikuwa kwenye video ya harusi ya dada yake, ambako alisimama akasema maneno machache. Wakaileta nyumbani kwa flashi, televisheni ikakataa. Muuzaji mmoja akawaambia, "TV yenu imepitwa na wakati, nunueni mpya." Mama akakopa kwenye chama. TV mpya ikaja, flashi ikachomekwa, na sauti ikatoka bila picha. Yule mama aliniambia, "Mwanangu namsikia, lakini simwoni." Mkopo ulibaki palepale. Dawa yake ilipopatikana, ilikuwa kazi ya saa moja kwenye kompyuta, na haikuhitaji kununua kitu chochote.

Basi shikeni hili kabla ya yote: mara nyingi televisheni si mbovu. Ni kwamba video na televisheni havijakubaliana. Kabla hujatoa shilingi, uliza maswali matatu. Kwanza, televisheni yangu ina matundu gani? Pili, video yangu imehifadhiwa kwa namna gani? Tatu, itasafiri kwa chombo gani kutoka kompyuta hadi hapa?

SWALI LA KWANZA: TELEVISHENI INA MATUNDU GANI?

Geuza televisheni, tazama nyuma na ubavuni. Ile ya zamani, yenye kisogo kikubwa, ina matundu matatu ya mviringo: la manjano ni la picha, jeupe na jekundu ni ya sauti. Wengi wetu tuliyajua matundu haya mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogi na kila mtu akalazimika kutafuta king'amuzi. Waya ile ya rangi tatu ndiyo tuliyounganishia.

Televisheni bapa kwa kawaida ina matundu mawili ambayo ya zamani haina. Moja ni la USB, dogo la mstatili, ndilo linaloingia flashi. Jingine ni HDMI, pana kidogo, lina pembe mbili zilizokatwa upande wa chini. HDMI hupitisha picha na sauti kwa waya mmoja.

Kisha tazama king'amuzi chako. Ving'amuzi vingi vina tundu la USB mbele au ubavuni, na baadhi yake huweza kuonyesha video iliyo kwenye flashi. Kwa hiyo mwenye televisheni ya kisogo asikate tamaa. Huenda chombo anachokihitaji kiko juu ya meza yake tayari, amekifunika kitambaa.

SWALI LA PILI: VIDEO IMEHIFADHIWA KWA NAMNA GANI?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, basi nitakwenda polepole. Video ni mzigo mkubwa sana. Ikiachwa ilivyo, harusi moja ingejaza kompyuta nzima. Kwa hiyo kamera na simu huikunja ili iwe ndogo, na televisheni inapoionyesha huikunjua. Sasa, kuna mikunjo mingi, na kila televisheni imefundishwa kukunjua michache tu.

Unaona faili imeandikwa MP4. Hilo ni gunia tu. Gunia ukiliona nje hujui kama ndani mna mahindi au kunde. Vivyo hivyo ndani ya MP4 yaweza kuwa na mkunjo uitwao H.264, uliotoka mwaka 2003, ambao karibu kila televisheni yenye USB inaufahamu. Au yaweza kuwa na mkunjo mpya zaidi, H.265, ambao pia huitwa HEVC, uliotoka mwaka 2013. Simu nyingi za siku hizi hutumia huo wa pili kwa sababu unabana nafasi. Televisheni nyingi za bei nafuu na za miaka ya nyuma hazijui kuukunjua. Ndiyo maana unapata sauti bila picha, au maandishi kwamba faili haitambuliki. Yule mama wa Magarini shida yake ilikuwa hiyo tu.

Na kinyume chake kipo: picha inatokea, sauti hakuna. Hapo sauti ndiyo iliyokunjwa kwa namna isiyofahamika. Ile inayokubalika mahali pengi inaitwa AAC.

Dawa ni kuigeuza video kwenye kompyuta. Iko programu iitwayo HandBrake, haiuzwi, ni ya bure. Mwambie kijana wa saiba au mwanao akufanyie hivi: aifungue video, achague MP4, mkunjo wa H.264, sauti ya AAC, na ukubwa wa picha usiozidi mistari 1080. Kisha asubiri. Kompyuta ya zamani huweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe, basi msimharakishe. Na muhimu: ile video ya asili isifutwe! Iliyogeuzwa ni nakala ya kutazamia. Ya asili ndiyo mama.

Ili ujue kama video yenyewe ni nzima, ifungue kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, ambayo nayo ni ya bure. VLC hukunjua karibu kila kitu. Ikionekana vizuri humo na televisheni ikakataa, jua video haijaharibika. Inahitaji kugeuzwa tu.

SWALI LA TATU: ITASAFIRI KWA CHOMBO GANI?

Njia ziko nne. Nitazitaja moja moja, na kila mtu achague kwa kadiri ya nyumba yake.

Njia ya kwanza ni flashi. Ndiyo rahisi kuliko zote na haihitaji intaneti. Nakili video kwenye flashi, itoe kwa utaratibu, ichomeke kwenye televisheni, kisha kwa rimoti tafuta kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, uchague USB. Kutoa kwa utaratibu maana yake ni kuiambia kompyuta kwanza kwamba unaitoa. Ukiichomoa ghafla, faili yaweza kukatika katikati, nawe ukafika Kakuyuni na nusu ya harusi.

Flashi ina ugonjwa mmoja wa kuujua. Flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo uitwao FAT32, na huo haukubali faili moja inayozidi GB 4. Utaambiwa flashi imejaa na huku unaona ina nafasi. Video ndefu ya harusi huvuka hapo kwa urahisi. Una njia mbili: ikate video vipande viwili, au flashi ipangwe upya kwa mtindo wa exFAT au NTFS. Lakini televisheni nyingine za zamani hazisomi mitindo hiyo, kwa hiyo jaribuni kwanza kwa video fupi. Na kumbukeni, kupanga flashi upya hufuta kila kitu kilichomo. Toeni vyenu kwanza.

Njia ya pili ni waya wa HDMI kutoka laptopu moja kwa moja. Hapa hakuna haja ya kugeuza video, kwa sababu laptopu ndiyo inayokunjua, televisheni inapokea tu. Chomeka waya, chagua HDMI kwa rimoti, kisha kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, uchague picha ionekane pande zote mbili. Sauti ikibaki kwenye laptopu, nenda mahali pa sauti kwenye kompyuta, uchague televisheni iwe spika. Laptopu za zamani zina tundu la VGA, pana, lenye vishimo 15. Hilo hupitisha picha peke yake. Sauti itabidi ipite kwa waya wa pili kutoka tundu la spika za masikioni.

Na mwenye televisheni ya kisogo? Hapa nawaomba masikio yenu yote. Madukani kuna waya wa kawaida wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na rangi tatu upande wa pili. Usiununue kwa kazi hii. HDMI hutoa namba, yale matundu ya rangi hupokea umeme wa mawimbi ya zamani, na waya mtupu hauwezi kufasiri. Unachohitaji ni kijisanduku kidogo cha kugeuza HDMI kuwa AV, ambacho lazima kipewe umeme wake, kwa kawaida kupitia waya wa USB. Mwambie muuzaji akuonyeshe kikifanya kazi palepale dukani kabla hujalipa.

Njia ya tatu ni diski ya DVD. Bado ina faida kwa nyumba zenye deki ya DVD na televisheni ya kisogo. Lakini kunakili MP4 kwenye diski si sawa na kutengeneza DVD. Ukinakili tu, deki ya zamani itaikataa. Lazima diski itengenezwe kama DVD ya video, kwa programu kama DVDStyler, tena ifungwe rasmi mwishoni. Diski ya kawaida ina GB 4.7, na kwa picha nzuri huchukua kama saa mbili. Chagueni mtindo wa PAL, ndio wa Kenya. Ndugu aliye Marekani akikutumia DVD aliyotengeneza huko, yaelekea iko katika mtindo wao wa NTSC, na televisheni nyingine za zamani zitaionyesha kwa rangi nyeusi na nyeupe au picha ikitembea. Mwambie mapema achague PAL, au bora zaidi atume faili yenyewe.

Njia ya nne ni bila waya, kutoka simu au laptopu kwenda televisheni ya kisasa, zote zikiwa kwenye Wi-Fi moja. Ni nzuri, lakini nyumba zetu nyingi hazina Wi-Fi. Wengine hupandisha video ya familia kwenye YouTube ili waitazame kwenye TV. Kila mkiitazama, bando linaliwa. Flashi ukiijaza mara moja, unatazama hata mara mia.

VIDEO ZINAZOTOKA ARABUNI

Mabinti zetu wengi wako Saudia, Oman na Qatar, na video zao hufika kwa WhatsApp. Mnajua mnavyozikuza kwenye televisheni picha huwa kama imemwagiwa maji. Si televisheni. WhatsApp huibana video ili ipite upesi. Mwambieni binti aitume kama dokumenti, si kama video ya kawaida, nayo itafika ilivyo. Tangu mwaka 2022 WhatsApp hukubali faili ya hadi GB 2 kwa namna hiyo. Ila bando la kuipokea lipo, basi apeleke zile za maana.

KANDA ZILE ZA ZAMANI

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza kuhusu kanda za video, zile kubwa nyeusi za VHS. Huyu ameuliza swali la haraka kuliko yote. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za kanda hizo, iliacha mwaka 2016. Deki zilizobaki zinakufa moja moja, na sisi wa pwani tuna joto, unyevu na hewa ya chumvi. Kanda huota ukungu, deki hushika kutu.

Kuihamisha, unahitaji deki nzima, waya wa rangi tatu, na kijisanduku cha kunasa picha kinachoingia kwenye USB ya kompyuta. Kanda inacheza, kompyuta inarekodi. Haina njia ya mkato: kanda iliyoandikwa E-180 ni dakika 180, na itachukua dakika zote hizo. Kanda yenye ukungu mweupe usiitie kwenye deki, itachafua deki na kuambukiza kanda nyingine. Mpelekee fundi aisafishe kwanza. Mimi nashauri kikundi kitafute deki moja na kijisanduku kimoja kwa pamoja, kuliko kila nyumba kuhangaika peke yake. Mkono mmoja haulei mwana.

KUTUNZA

Flashi ni ya kubebea, si ya kuwekea akiba. Hupotea, huoshwa mfukoni mwa suruali, na hupata virusi saiba. Weka video mahali pawili, tena nyumba mbili: moja kwako, moja kwa ndugu yako Kilifi au Mtwapa. Paa la makuti likishika moto, au maji yakiingia, nakala moja itapona. Kinachokwenda saiba kiwe ni flashi yenye nakala, kamwe isiwe yenye video ya pekee. Na mara moja kwa mwaka zifungueni muone kama bado zinacheza.

HESHIMA YA WALIOMO

Sasa jambo ambalo si la waya. Televisheni ya sebuleni huonwa na jirani pia. Kabla ya kuonyesha video ya matanga, ya mgonjwa, au ya mjane akilia, muulizeni mwenyewe. Mwingine atapenda kuona, mwingine jeraha bado bichi. Watoto wa watu msiwapandishe kwenye mtandao bila mzazi kukubali. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na vikundi vyetu vinavyohifadhi picha za watu navyo vinahusika. Lakini hata bila sheria, kuuliza ni adabu.

Na ile video ya mzee akigawa shamba? Itunzeni, ina thamani, lakini msiitegemee kama wosia. Sheria ya Urithi ya Kenya inataka wosia wa maandishi uwe na sahihi yake mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Wosia wa mdomo nao huhitaji mashahidi wawili au zaidi, na kwa kawaida hauna nguvu mwenyewe akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema. Nimeona ndugu wakigombana mbele ya televisheni, kila mmoja akishikilia sentensi yake. Mzee akiwa hai, mpelekeni akaandike.

KAZI YA NYUMBANI

Basi nisiwachoshe. Wiki hii kila mmoja afanye mambo matatu. Moja, ageuze televisheni yake na king'amuzi chake, aandike kwenye karatasi matundu aliyoyaona. Mbili, aulize video za familia ziko kwa nani: mpiga picha, shemeji, au binti aliye ng'ambo. Wapiga picha hufuta kazi za zamani ili wapate nafasi, kwa hiyo uliza sasa. Tatu, alete flashi moja tupu siku ya mkutano ujao. Vijana wetu wanaojua kompyuta watakuwepo, na tutageuza video ya kila mtu hapa hapa, bila mtu kwenda dukani kwanza.

Anzeni na zile zenye wazee ambao bado wako nasi na macho yao bado yanaona. Televisheni mpya tutaweza kuipata mwaka ujao, au mwingine. Nyanya wa kutuambia nani ni nani kwenye picha hana duka linalomuuza.

 Mwenye swali anyooshe mkono.